Pikapu ya Baba Yake Godeliève

Vijana wangu, ninyi mnaoshika spana leo pale Buyenzi, kuna swali mnaniuliza kila nikipita kuwasalimia: gari la zamani la urithi, injini imechoka, je, ifunguliwe itengenezwe upya au iachwe ilivyo? Mnaniuliza huku boliti ya kwanza mmeshailegeza, maana yake mmeamua tayari na mnataka mzee aitikie tu. Mimi nimefungua injini zaidi ya miaka arobaini, na nasema bila kuona haya kwamba nilikuwa fundi mzuri. Waliokuwepo watawathibitishia, na wasiponisifu ni kwa sababu ya wivu. Lakini mikono yangu haikuwahi kunikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni kuamua, na nitawaeleza kwa habari ya gari moja tu.

Ilikuwa pikapu ya Kifaransa ya zamani, rangi ya maziwa, yenye turubai nyuma. Ililetwa gerejini ikisukumwa na wanaume wanne, na nyuma yao alitembea mwanamke mwenye viatu vya kwendea kazini, mkoba begani, uso umekaza. Huyo ndiye Godeliève, mwalimu wa shule ya msingi, mkaazi wa Nyakabiga. Vita vilikuwa na miaka kadhaa sasa na tulikuwa tumejifunza kuishi navyo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa viazi na kabichi, akivitoa milimani kuvileta sokoni mjini. Alikuwa amefariki kwa ugonjwa miezi michache nyuma, na pikapu akamwachia binti yake.

"Fundi, mi sijui mambo ya magari," akaniambia. "Nataka kitu kimoja tu. Mama iko kule milimani peke yake. Majirani wote wamekimbia. Hii gari inaweza kupanda kule, imulete?"

Nikamuuliza kwa nini asikodi gari jingine. Akasema amewauliza madereva watatu, na wote wamekubali kwenda mpaka barabara kuu tu. Hakuna aliyekubali kuingia njia ya kwao, mwendo wa robo saa ndani ya vilima.

Kwa ninyi mliozaliwa baadaye, nieleze jambo moja. Siku zile barabara ya kupanda milimani mtu hakuipita ovyo. Magari yalikusanyika asubuhi kwenye kizuizi, askari mbele, askari nyuma, na yote yakaondoka pamoja. Tuliita konvoi. Konvoi haikumsubiri mtu. Gari likizimika kwenye kupanda, linasukumwa pembeni na wengine wanapita, na wewe unabaki hapo na wale walio ndani ya misitu. Kwa hiyo Godeliève hakuwa ananiuliza kama gari ni zuri. Alikuwa ananiuliza kama yeye na mama yake watarudi hai.

Sasa tuje kwenye kazi, na hapa mfungue masikio. Hatukuwa na kompyuta ya kuchomeka. Nilitoa plagi zote nne, nikaweka kidole gumba juu ya tundu la kila silinda, mwenzangu akazungusha injini. Silinda nzima inakisukuma kidole kwa nguvu mpaka kinaruka. Moja tu ilisukuma hivyo, mbili zilisukuma kama mtoto anayepuliza chai, na silinda ya tatu haikusukuma kabisa. Nikamimina kijiko cha oili ndani ya kila tundu na kupima tena. Safari hii kidole kiliruka. Ukiona hivyo, jua vali ni nzima, pete za pistoni ndizo zimekwisha, kwa sababu oili imeziba pale ambapo pete zinavujisha. Jambo hilo hata leo kijiko kitakwambia, tena bure.

Hata hivyo sikuamua bado. Tuliipa uhai tukaenda kuijaribu kwenye mwinuko wa kupanda mtaa wa Mutanga Sud. Tulipofika katikati, pumzi ikaisha. Wanafunzi wa chuo waliokuwa wakipanda kwa miguu na madaftari yao walitupita, na mmoja akatuaga kwa heshima kabisa. Godeliève alikuwa ameketi kando yangu. Hakucheka.

Kila fundi wa mtaani alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema iuzwe chuma chakavu. Mwingine alisema iwekwe injini ya Kijapani, lakini mipaka ilikuwa imefungwa kwa vikwazo, na injini hiyo ya Kijapani ilikuwepo mdomoni mwake tu. Wengi walisema: fungua. Na mimi mkono ulikuwa unaniwasha kufungua, kama ninyi hivi.

Aliyenizuia ni Mzee Shabani. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha kwa matusi. Alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho, lakini kila asubuhi alikuja gerejini, akaketi juu ya debe la oili na kutukosoa kwa kusikiliza tu.

"We Hamisi," akasema, "kufungua unajua. Kufunga unajua. Utaizoesha wapi?"

Alikuwa amenishika mahali panapouma, na nitawaambia ni wapi.

Mwaka uliotangulia, mfanyabiashara mmoja wa maharage, Pascal, aliniletea lori dogo. Nikamtengenezea injini upya, kazi safi mpaka nikawaita mafundi wa jirani waje kuitazama. Injini iliyofungwa upya inabana. Pete na silinda hazijajuana bado, na inabidi iendeshwe taratibu siku nyingi, hiyo ndiyo kuizoesha. Hilo nililijua, na nilimwambia. Lakini Pascal alikuwa na haraka ya konvoi ya kesho yake, na mimi nilikuwa nimelewa sifa zangu, nikamwachia. Mzee Shabani alikuwa na sheria kwamba fundi aliyefungua injini apande nayo kilima cha kwanza. Siku ile sikupanda. Nilisema nina kazi nyingine.

Injini ikapata moto kwenye kupanda, ikakwama. Konvoi ikampita. Pascal alilala kwenye mtaro mpaka alfajiri, akarudi mjini kwa miguu. Lori lilichomwa. Alikuja gerejini na udongo mpaka nyusi, akaweka ufunguo juu ya meza yangu ya kazi. "Moteri yako ilikuwa nzuri sana, Fundi," akasema. "Ilikuwa mupya sana." Akaenda zake, wala hakurudi tena. Niliona aibu kubwa, na sikuitupa: nimekaa nayo, na nadhani imenifaa.

Sasa mnaona fundo lenyewe. Pikapu isipofunguliwa, inabaki nyuma ya konvoi kwa udhaifu. Ikifunguliwa, inabaki nyuma kwa upya. Na pa kuizoesha hapakuwepo: barabara zote za kutoka mjini zilikuwa za hatari, na jioni kila mtu alitakiwa awe kwake.

Nilimweleza Godeliève yote, na habari ya Pascal sikuificha. Akafikiri, kisha akaniuliza: "Ingekuwa ni mama yako, ungefanya nini?"

"Ningefungua," nikasema. "Halafu ningeizoesha hata kama ni kuzunguka msikiti. Na siku ya kupanda, ningeendesha mwenyewe."

"Basi fanya hivyo," akasema, akaweka mkoba chini na kuketi.

Kwetu kulikuwa na desturi: mwenye gari anakaa kushuhudia injini yake inapofunguliwa. Unatandika mkeka, unasema Bismillahi, kila kinachotoka unakiweka kwenye mkeka kwa mpangilio, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Hakuna kuruka mkeka. Anayeruka, ananunulia gereji nzima chai. Mwalimu Godeliève alipoona mpangilio ule akatoa chaki kwenye mkoba, akaandika namba mbele ya kila kitu. Mafundi walimcheka. Wiki mbili baadaye mkeka wa gereji yetu ulikuwa na namba kila siku, na wa gereji mbili za jirani pia.

Silinda na pistoni nilizihitaji seti nzima, na kila duka lilikuwa tupu. Niliipata kwa fundi mwenzangu, kwenye pikapu ya aina ileile iliyokwisha bodi kwa kutu, upande wa pili wa mji. Tatizo ni kwamba kati yetu kulikuwa na vizuizi vya vijana wenye silaha, na mwanamume mwenye vyuma mkononi hapiti. Mke wangu Zuhura ndiye aliyekwenda. Mara mbili alipita na kikapu kichwani, silinda chini, mboga za lengalenga juu. Kwenye kizuizi kimoja walimwomba mboga. Akawapa mafungu mawili na kuwagombeza kwa uvivu wao, nao wakamwacha aende. Mpaka leo, shingo ikimuuma, huniambia ni ile injini.

Kufunga kulinichukua siku nne. Sitawachosha nako, kwa sababu kufunga vizuri ndiyo kazi yenu na hakuna anayestahili pongezi kwa hilo. Kazi kubwa ilikuwa baada ya hapo.

Buyenzi mnaijua: mitaa imenyooka, tambarare, inakatana kama mistari ya daftari. Nilianza kuizungusha pikapu humo. Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, kisha kurudi. Petroli ilikuwa adimu, inauzwa kwenye chupa. Nikatangaza kwamba anayetaka kubebewa mzigo alete chupa moja. Vijana wangu, mtaa mzima uliizoesha injini ile! Nilibeba mchanga, nilibeba magodoro, nilibeba bibi harusi na mashangazi zake sita, nilibeba wazee kwenda swala ya Ijumaa umbali wa hatua mia mbili ili mradi tu wapande gari. Watoto walinihesabia mizunguko. Washona nguo waliniuliza nimepoteza nini ninachokitafuta siku zote hizo. Siku zenye risasi tulifunga geti, tukasubiri, kesho yake tukaendelea.

Na sikuzunguka ovyo. Injini mpya haipendi mwendo mmoja. Unaipa mzigo, unaupunguza, unakanyaga kidogo, unaachia, ili pete zikae. Usiiache ikinguruma imesimama. Ikipoa kabisa, unakaza tena boliti za kichwa cha injini kwa mpangilio wake. Oili ya kwanza unaimwaga mapema, unaichuja kwa kitambaa cheupe na kuangalia juani. Oili ya kwanza ilimetameta kwa chembe za chuma. Ya pili kidogo tu. Nilipomwaga ya tatu, Mzee Shabani alichovya vidole, akasugua, akanusa. "Panda," akasema. Hakuwahi kunipa sifa ndefu kuliko hiyo.

Tulipanda siku ya Jumamosi, mimi kwenye usukani, Godeliève kando yangu. Konvoi ilikuwa ndefu, na mbele yetu lori la chumvi lililotutemea moshi njia nzima. Pikapu ilivuta vizuri, lakini kwenye zile kona kali mshale wa kipimo cha joto ukaanza kupanda. Nilifungua kipasha joto mpaka mwisho. Kile kinatoa joto kwenye injini na kuliingiza ndani kwenu. Tulipikwa. Godeliève alifungua vifungo vya koti, jasho likamtiririka, akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia, Mwalimu, joto hili likiwa kwetu haliko kule. Mshale ukasimama, ukarudi. Tulipofika juu niliimba kwa sauti. Sina sauti nzuri na sikujali.

Kwenye njia panda tuliacha barabara kuu. Askari akatuambia konvoi ya kushuka inaondoka baada ya muda wa saa mbili kutoka sasa, na mwenye kuchelewa ajitegemee. Tukaingia njia ya kwao, robo saa ya mashimo. Injini iliitikia kila nilipoikanyaga, laini, bila kukwama. Nilijisikia mkubwa sana.

Nyumba ilikuwa tupu. Mlango wazi, sufuria ya maharage inachemka motoni, khanga imeanguka uani. Godeliève alizunguka nyumba mara mbili, akarudi amepauka.

"Amekimbia," akasema. "Amesikia gari asiyoijua."

"Si ni gari ya baba yako?"

"Sauti si ya papa! Gari ya papa ilikuwa inakohoa. Inakohoa, inakata, inakohoa tena. Tulikuwa tunaisikia tangu kule chini, mama anaweka maji kwa moto. Hii yako inaenda kama gari ya mukubwa. Ameshavuka bonde, iko kule mumiti."

"Basi muite."

"Apana. Siku hizi mutu akiitwa jina haitike. Walikuja watu wanaojua majina."

Nilisimama mbele ya pikapu ile nikaona uchungu wa kweli. Siku nne za kufunga, siku kumi na mbili za kuzunguka, shingo ya mke wangu, na kazi yenyewe ndiyo iliyomtisha bibi wa watu akaingia msituni. Saa nzima ilikuwa imekwisha kwenda. Godeliève alikuwa akitazama upande wa pili wa bonde, mikono kichwani, na alianza kulia bila sauti.

Nikafungua boneti. Nikachomoa waya wa plagi moja, ile silinda ya tatu, kisha nikawasha. Injini ikayumba, ikatetemeka kwa silinda tatu.

"Hivi?" nikamuuliza.

Alifuta macho, akasikiliza. "Apana. Ya papa ilikuwa polepole."

Nikalegeza skrubu ya mwendo wa chini. Nikavuta choki kidogo, petroli ikazidi, ikaanza kukohoa.

"Polepole zaidi. Na inakohoa mara mbili, halafu inanyamaza kidogo."

Mnajua ni vigumu kiasi gani kuharibu injini nzima kwa kipimo? Ni vigumu kuliko kuitengeneza. Nilichezea skrubu zile nusu nywele kwa nusu nywele, na mwalimu yule alinisahihisha kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akafumba macho akasema, "Hapo."

Tukaiacha ikohoe. Sauti ilitoka uani ikapita juu ya migomba, ikavuka bonde, ikarudi. Dakika kumi zilipita, na zote niliziona kwenye saa ya Godeliève. Kisha kwenye miti ya upande wa pili kukaonekana kitambaa cha kichwa, na chini yake bibi mmoja mwembamba mwenye jembe mkononi, akishuka bondeni, akipotea, akitokea. Alipofika uani sketi ilikuwa imelowa mpaka magotini. Hakumwendea binti yake kwanza. Aliiendea pikapu, akaweka kiganja juu ya bati linalotetemeka, akakaa hivyo. Ndipo Godeliève akamkumbatia kwa nyuma, na wote wawili wakalia, na mimi nikaenda kuangalia tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Tulipokuwa tukipakia vitu vyake, bibi akauliza kwa Kirundi mimi ni nani. Godeliève akamwambia ni fundi aliyeitengeneza gari ya baba. Bibi akanitazama kuanzia miguuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ameitengeneza vizuri," akasema. "Iko vilevile."

Nilikuwa nimeshika ule waya, tayari kuurudisha. Nikautia mfukoni mwa koti.

Tulikimbilia barabara kuu kwa silinda tatu, na niwaambie kweli, kwa silinda hizo tatu ilivuta kuliko ilivyowahi kuvuta kwa zile nne zilizochoka. Konvoi ilikuwa imeshajipanga. Tukaingia mwishoni kabisa, tunakohoa, tunakata, tunakohoa tena, bibi katikati yetu na kuku wake wawili mapajani. Askari wa nyuma akaja dirishani, akainama kusikiliza.

"Muzee, hii gari itafika?"

"Itafika."

Akacheka, akageukia wenzake ili nao wasikie. "Fundi gani aliitengeneza hii?"

Maisha yangu yote sikuwahi kuruhusu gari linalokohoa litoke likiwa na jina langu. Nilitoa kichwa dirishani ili konvoi nzima inisikie.

"Ni mi!" nikasema.